Matairi ya Theluji kwenye Njia ya Chwaka

Gari langu dogo lina rimu ya inchi kumi na tatu. Hilo ndilo jambo la kwanza analokuuliza muuza matairi, na ukishamjibu anajua mengi kuhusu mfuko wako. Nililinunua likiwa limeshatumika, rangi yake imepauka juani, na sikulinunua kwa ajili yangu. Mimi ni fundi wa vyerehani, na kazi yangu yote naifikia kwa miguu.

Nililinunua kwa ajili ya dada yangu. Figo zake ziliposhindwa kazi, ilimbidi afike mjini siku tatu kwa wiki, aunganishwe na mashine ya kusafisha damu, akae nayo saa nne, kisha arudi kwake Chwaka. Mimi nakaa Kikwajuni, hukohuko mjini, ghorofa ya tatu ya nyumba za maendeleo, na nyumba hizo hazina lifti. Tulijaribu akae kwangu. Siku ya kwanza alipotoka hospitali alipanda ngazi mpaka ghorofa ya kwanza, akakaa kitako, akasema hapo alipofika panamtosha. Nikamrudisha Chwaka. Wiki mbili alipanda gari za abiria. Siku moja alifika nyumbani na mtandio wake umefungwa kwenye mfuko wa plastiki, unanuka matapishi, na hakunieleza yaliyompata njiani. Wiki ya tatu nikanunua gari.

Dada huyu ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Kwa zaidi ya miaka ishirini alilima mwani katika ghuba ya Chwaka, na mwani ndio ulionipeleka skuli mpaka pale fedha zilipokatika. Yaliyobaki nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi na bisibisi, kutoka vitabu vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya vyerehani. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma kwanza na kushika baadaye. Nimeishi vizuri kwa tabia hiyo, na sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kumdhuru mtu.

Mwishoni mwa kaskazi, masika yakikaribia, matairi mawili ya mbele yalikuwa vipara. Ya nyuma yalikuwa na meno bado, ingawa si mengi. Nikafungua daftari jipya na kuanza kusoma habari za matairi kama nilivyosoma habari za sindano na nyuzi. Nilijifunza kuwa tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi zinakuambia wiki na mwaka lilipotengenezwa. Nilijifunza kupima kina cha meno kwa milimita, na rula ya chuma ninayo. Nilijifunza pia kuwa nchi za wenzetu zina matairi ya joto, matairi ya baridi na matairi ya misimu yote. Sisi misimu yetu ni masika, kipupwe, vuli na kaskazi, na yote ina joto. Kinachotofautiana ni maji. Nikaamua kuwa ya misimu yote ndiyo yatakayotufaa. Niliposoma kuwa matairi hayo huwa na herufi M na S ubavuni, nikaziandika kwenye daftari na kuzipigia mstari.

Kwanza nilikwenda Darajani, kwa muuza matairi mapya ambaye babu yake alikuja kutoka Bara Hindi na kuuza vitambaa katika duka hilohilo. Cherehani ya mkewe naitengeneza mimi. Aliniuliza nina kiasi gani, nikamwambia.

"Fundi, hiyo inatosha mawili," alisema. "Chukua mawili mapya. Mengine Mungu atajaalia."

"Gari lina miguu minne," nikamjibu.

"Na mtu ana viatu viwili, lakini hununua pale anapoweza."

Nikacheka, nikaaga. Niliona mawili mapya na mawili ya zamani ni kazi isiyo na mpango. Nikaenda Mwanakwerekwe, ambako matairi ya mtumba kutoka Japani hupangwa kando ya barabara, yamepakwa dawa nyeusi yakang'aa. Hapo nilikaa karibu asubuhi nzima. Muuzaji alichoka nami, akawa ananitania mbele ya wateja wake: "Mwacheni mzee apime, anashona suti ya gari."

Nikapata manne yanayofanana, kiwanda kimoja, mwaka mmoja, umri wake si mkubwa. Meno yalikuwa marefu kama hayajaguswa lami. Rula ilisoma milimita nane. Herufi M na S zilikuwepo. Kando yake palikuwa na picha ndogo ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima kitu kama ua lenye ncha sita. Nikadhani ni nembo ya kiwanda.

"Na laini hizi, mzee," muuzaji aliniambia akilikanyaga moja. "Utadhani umekaa juu ya godoro."

Nikaliandika hilo pia, upande wa sifa. Bei ya manne haya haikuifikia ile ya mawili ya Darajani. Mawili ya nyuma niliyovua sikuyauza, kwa sababu kitu chenye meno bado hakitupwi; niliyapandisha juu nyumbani na kuyafunika kwa gunia.

Safari ya kwanza, kabla hatujafika Dunga, dada aliuliza kutoka kiti cha nyuma, ambako hujinyoosha:

"Gari imekuwaje leo? Inanesa."

"Matairi mapya hayo, dada. Yatazoea."

"Mapya, au ya mtu?"

"Ya mtumba. Lakini nimeyapima."

"Ah. Kama weye ushapima, basi."

Baada ya wiki akasema tena. Ilikuwa mchana, lami inatoa mvuke wa joto, na alisema anahisi gari linakwenda upandeupande kama mtu anayetembea na kandambili zilizolowa. Nikamweleza kwa utaratibu: umri wa tairi, kina cha meno, herufi mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashika mshikio ulio juu ya mlango, na tangu siku hiyo hakuuacha mpaka tunapofika.

Mvua ya kwanza kubwa ya masika ilitukuta njiani asubuhi ya Jumamosi. Kwenye mteremko wa kushukia daraja la Mwera palikuwa na gari la ng'ombe limebeba kuni, linakwenda kwa mwendo wake. Nilikuwa mbali nalo, wala sikuwa nakimbia. Nikakanyaga breki kama nilivyokanyaga kila siku. Upande wa nyuma wa gari ukaondoka peke yake. Usukani ulikuwa mikononi mwangu lakini haukuwa umeshika kitu. Tukageuka, tukateremka ubavuubavu, na mtaro ukatupokea, gari limelalia migomba.

Nilipogeuka nikamwona dada amekunja mwili wote kuuzunguka mkono wake wa kushoto. Ndio mkono wenye mshipa wa mashine. Ukiumia ule, hakuna pa kumtia sindano. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Haujaguswa. Weye mzima?"

Watu wa karibu walitutoa, Mungu awalipe. Lakini rimu moja ilikuwa imepinda, na mpaka tulipofika hospitali kwa gari la watu zamu yake ilikuwa imepita na mashine zote zina wenyewe. Wakampangia Jumatatu, na tangu hapo zamu zake zikawa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kwa mtu mzima mwenye afya, siku mbili si kitu. Dada yangu maji yalimjaa miguuni, kisha usoni, kisha kifuani. Jumapili alikaa ameegemeza mgongo ukutani kwa sababu hakuweza kulala chali, na nilihesabu pumzi zake nikajifanya nasoma gazeti.

Jumatatu tulimpeleka kwa gari la kukodi, akasafishwa, uvimbe ukapungua. Tulipomrudisha Chwaka akanikalisha barazani kwake.

"Mimi katika gari yako sipandi tena," alisema. "Na hii ya kukodi huiwezi, usinidanganye. Basi tuache."

"Tuache nini?"

"Hayo ya mashine."

Aliendelea kwa sauti ileile anayotumia kumwagiza mtu chumvi.

"Kufa nshakujua, kunakuja. Lakini sitaki nife mtaroni Mwera, na weye pembeni yangu, uje ujilaumu umri wako wote. Bora nife hapa, kwa amri ya Mungu, weye ukiwa kazini kwako."

Nilimwomba wiki moja. Akanipa siku mbili, kwa kuwa zamu iliyofuata ilikuwa Jumatano.

Jumanne nilivua tairi moja, nikalipeleka Darajani. Yule muuza matairi hakupima kitu. Aliweka kidole juu ya picha ya mlima.

"Fundi, hii umeiona?"

"Nembo ya kiwanda."

"Hii theluji. Mpwa wangu anakaa nchi za baridi, gari yake kule ina alama hii. Hii tairi ya barafu. Mpira wake wameufanya laini makusudi, ili usigande kwenye baridi. Huku kwetu lami inaupika. Ukija na maji juu yake, unakwenda kama sabuni."

Nikamwuliza kuhusu M na S. Akasema herufi hizo huwekwa kwenye aina zote mbili, ya misimu yote na ya barafu. Kitabu changu hakikusema uongo. Mimi ndiye niliyesimama kwenye ukurasa niliotaka kusimama.

Jioni nilikwenda Chwaka, nikamweleza dada bila kupunguza.

"Theluji?" alisema. "Hapa Chwaka?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka naye kidogo kwa aibu. Alipotulia akaniuliza, "Na hiyo alama uliiona?"

"Niliiona."

"Ukamwuliza mtu?"

"Sikuuliza."

"Na mimi nilipokwambia inanesa?"

Alinitazama, si kwa hasira. Kisha akasema, "Kesho nnakwenda kwa gari ya kukodi, mara hii moja. Nikitoka, nipeleke huko dukani. Nataka niyashike mwenyewe."

Mtu akitoka kwenye mashine huwa kama nguo iliyokamuliwa. Hata hivyo alishuka Darajani, akiegemea bega langu, na mwenye duka alitoka na kiti kabla hatujafika mlangoni.

"Karibu, Bi Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Nipe tairi zako za bei ya huyu."

Akaletewa aina tatu. Alizitia ukucha wa dole gumba, moja baada ya moja, akakandamiza, akatazama alama inavyojaa tena. Akaomba ziwekwe juani kwenye kibaraza. Tukasubiri. Mwenye duka akaagiza chai. Baada ya muda dada akazitia ukucha tena.

"Miaka yote nnauza hapa," mwenye duka alisema, "hajaja mtu akaminya tairi kama embe."

"Na waliokuja na rula je?" dada akauliza, akinitazama.

"Hao wapo."

"Mimi nimefunga kamba za mwani," akasema. "Kamba laini inakubali fundo upesi, unaipenda dukani. Ikipata jua na maji, fundo linateleza, mwani wote unakwenda na bahari. Hizi mbili zimelainika kama ubani. Hii ndiyo." Akaweka mkono juu ya ile ambayo jua halikuibadilisha. Haikuwa ya bei ya juu wala ya chini. Nilisoma ubavu wake wote, herufi kwa herufi, kisha nikamwomba mwenye duka naye asome. Ilikuwa sawa.

Mawili tu ndiyo tuliyoyaweza, na sehemu ya bei yake kwa deni. Mwenye duka akasema tutayatia mbele, kama watu wote wanavyofanya, kwenye usukani.

"Mimi nnakaa wapi?" dada akauliza.

"Nyuma, Bi Mkubwa."

"Na kilichoteleza kilikuwa nini?"

"Nyuma," nikajibu mimi.

"Basi mapya nyuma."

Nikamwambia kuwa vitabu navyo vinasema hivyo, kwamba yenye meno mengi hukaa nyuma. Akanijibu, "Vitabu vimechelewa."

Mbele nikatia yale mawili ya zamani yaliyokuwa chini ya gunia. Rimu ikanyooshwa. Yule wa Mwanakwerekwe alikuwa tayari kuyachukua tena matairi yake kwa nusu bei, na fedha hizo nilizihitaji, lakini nilijua angeyapaka dawa na kuyasimamisha palepale barabarani. Niliyapeleka Chwaka. Dada aliyajaza udongo, akapanda mchicha. Alama ya mlima iko nje, ukipita unaiona.

Ijumaa ilinyesha tangu alfajiri. Nilifika Chwaka nikiwa na wasiwasi, maana hakuwa ameniahidi kitu. Nilimkuta amekaa barazani, amevaa, mkoba wake mapajani. Akapanda nyuma, akashika mshikio. Dunga tukaipita. Maji yalikuwa yanapita juu ya lami kama ngozi nyembamba. Mteremko wa Mwera ulipoanza nikapunguza mwendo mapema, kisha nikagusa breki, kidogo, halafu zaidi kidogo. Gari likakaa chini, likashika njia.

"Unaonaje?" nikamwuliza. Swali hilo sikuwahi kumwuliza kabla ya siku ile.

Nikatazama kwenye kioo. Mkono wake ulikuwa umeachia mshikio, umelala juu ya ule wa kushoto, na yeye alikuwa amesinzia, mdomo wazi kidogo. Nilivuka daraja polepole nisimwamshe. Tulifika kabla ya zamu yake.