Hodi ya Adhuhuri

Mpaka leo ile siku haijanitoka, mwanangu, siku niliyomziba mama yangu mzazi mdomo kwa kiganja changu, juani, katikati ya daraja, asije akatamka neno moja. Neno lenyewe wala si tusi. Ni "karibu." Hebu weka hiyo simu pembeni nikusimulie, maana jana ulimwambia mwenzio kwamba bibi kaanza kuzeeka akili, kila akivuka daraja la bondeni anagonga fimbo na kujisemesha. Nilikusikia. Masikio yangu bado mazima, alhamdulillahi.

Mbagala ya wakati ule siyo hii ya maspika na kelele. Ilikuwa mikorosho, mihogo, na mchanga wa kuunguza nyayo. Ujamaa ulikuwa ujamaa kweli. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Pazi, akiita watu kwenye msaragambo, unatoka na jembe lako, na ukijifanya unaumwa anakuja kukujulia hali mpaka unapona kwa aibu. Bondeni palikuwa na kijito chenye matope ya kumeza mtu kiunoni. Masika kikijaa, mjamzito hafiki zahanati, mtoto haendi shule.

Aliyetutoa kwenye adha ile ni kaka yangu, Shomari. Alikuwa mwanajeshi, lakini wa kikosi cha wahandisi, wale wanaotangulia mbele ya wenzao kujenga madaraja na kutegua mabomu yaliyofukiwa ardhini. Akija likizo hakai. Likizo moja akawakusanya watu, wakaangusha minazi, wakaanza daraja. Mie na wenzangu tulikuwa tunapika uji wa wafanyakazi pale pale ukingoni, kwa hiyo nilimwona vizuri. Kabla ya kuchimbia nguzo anagonga kwanza ardhi na mtaimbo, ko, ko, ko, kisha anasema polepole, "Hodi."

Nikamcheka. "Kaka, unambishia hodi nani humo, kambare?"

Naye akacheka, na lile pengo lake la mbele. "Ndiyo mila ya kazi yetu, dada. Ardhi si ya baba yako, unaingia kwa adabu. Ila siku ukisikia ardhi yenyewe inakujibu karibu, ujue ndiyo basi tena."

Utani wa askari huo. Lakini mwili ulinisisimka, na jua lilikuwa la utosi.

Daraja likaisha, mtaa mzima ukaiga. Watoto wakifika wanagonga na vijiti, ko, ko, ko, hodi, wanavuka wakicheka. Ikawa mchezo wetu sie wa bondeni.

Kisha vikaja vita vya Kagera. Shomari akaondoka, hata kuaga hakuaga vizuri, lori lilikuwa linamsubiri barabarani. Baada ya hapo tukawa watu wa kusikiliza redio tu. Mpaka asubuhi moja Mzee Pazi akaingia uani na ofisa wa jeshi, wote wamevua kofia. Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta. Ofisa akasema bomu la ardhini, akasema amezikwa kule kule mpakani kwa heshima zote. Mama akauliza swali moja tu, "Nani alimwosha?" Ofisa yule hakulijua jibu, maskini, naye alikuwa kijana tu. Tukasoma hitima bila kaburi la kwenda kulizuru. Mama hakulia. Chozi halikutoka, na mie lile ndilo lililonitisha kuliko kilio.

Arobaini haijafika, ikaanza hodi.

Wa kwanza kuisikia ni Bi Chausiku muuza vitumbua. Alirudi mbio, sinia kalitupa huko. Anasema kavuka adhuhuri, kasikia chini ya daraja ko, ko, ko, na sauti ya mwanamume, chini chini, "Hodi." Nikamwambia muongo. Nikaenda mwenyewe kumuumbua.

Eh, mwanangu. Wazee walikuwa wanatukataza kutembea ovyo jua likiwa la utosi, tukidhani wanatubania tu. Nilifika pale, kunguru wamenyamaza. Hakuna jani linalotikisika. Kivuli changu hakionekani, nimekikanyaga. Nikasimama katikati ya mbao, na ule mdundo nikauhisi kwenye nyayo kabla sijausikia: ko, ko, ko. "Hodi." Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka anayesubiri jibu. Na nilimjua ni nani.

Wengine walisema ni mbao zinakauka kwa jua. Sawa. Mbao gani hizo zinazogonga mara tatu, zikanyamaza, zikasubiri?

Watu wakaliacha daraja, wakawa wanazunguka mbali kwenye matope yale yale ya zamani. Na hilo lingekuwa dogo. Siku moja napita nyumba ya jirani, nasikia mtu anambembeleza mwanawe, "Nyamaza, Shomari atakuja." Moyo uliniuma nikaona kama nitapasuka. Kaka yangu aliyewajengea njia, aliyekufa kwa ajili yao, jina lake limekuwa la kutishia watoto! Fadhila za punda mateke, wahenga hawakukosea. Halafu kikaitwa kikao, wakakubaliana daraja livunjwe, mzuka ukose pa kukaa. Mzee Pazi alikubali huku anatazama chini.

Mama alipoambiwa alisema, "Mwanangu anabisha hodi, nyie mnakwenda kumvunjia mlango?" Tangu siku hiyo kila adhuhuri anachukua sahani ya ugali na dagaa, anakwenda kukaa darajani. Mwanzoni alikaa ukingoni. Kisha juu ya mbao. Kisha akawa ananing'iniza miguu pale kijito kilipo na kina kirefu, anaongea na maji. Nyumbani hali tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mie nilikuwa namwona mama yangu anakwenda zake, taratibu, huku kakaa.

Siku ya kuvunja ilipofika, wanaume walishakusanyika ng'ambo na mashoka yao. Mama akaniambia, "Leo nitamwitikia. Mtoto akibisha hodi kwa mama yake anaambiwa karibu. Mie nimekuwa mama gani?"

Nikakumbuka maneno ya kaka. Karibu ni jibu la ardhi. Sasa mama akilisema, ataingia nani? Au atakaribishwa nani, aende wapi? Nikamfuata mpaka katikati, na ule mdundo ukaja chini yetu, ko, ko, ko, "Hodi," mama akafungua mdomo, nami nikamrukia nikamziba. Alining'ata. Alama hii hapa, iangalie. Tukawa tunavutana kama wagomvi, sahani imeanguka majini, na watu ng'ambo wameduwaa.

Ndipo tukasikia nyuma yetu sauti ya kijeshi, "TUPO!"

Hata maji niliona kama yamesimama.

Alikuwa kijana wa magongo mawili, mguu mmoja umeishia gotini. Alitoka barabara ya Kilwa akiulizia nyumba ya kina Shomari, wakamwelekeza bondeni na kumpa habari za mzuka. Koplo Severini, mtu wa Songea, wa kikosi kile kile cha kaka. Kapauka uso, maana na yeye kaisikia. Akamwamkia mama, "Shikamoo mama." Mama akaitika, "Marahaba, mwanangu," kama anayeamka usingizini.

Halafu akawageukia wale wa mashoka. Mwanangu, nimeshakemewa maishani, ila kemeo lile halina mfano.

"Nani aliwaambia hii ni hodi ya kuingia?" akasema. "Mnaijua kazi ya mwenzetu huyu? Mtu wa mbele analala kifudifudi, anachokoa udongo na singe, kidogo kidogo. Haruhusiwi kugeuka nyuma. Haoni mtu. Basi kabla ya kusogea anagonga, anasema hodi, nasi wa nyuma tunamjibu tupo. Ndivyo anavyojua hayuko peke yake. Asipojibiwa hasogei. Atalala hapo hapo mpaka ajibiwe. Mwenzenu haombi nyumba zenu. Anauliza kama mpo nyuma yake! Na nyie mnakimbia?"

Jambo usilolijua ni usiku wa giza, na sie tulikuwa gizani mchana kweupe.

Kisha akapoa. Akamwambia mama, "Siku ile mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake. Alibisha, nikamjibu. Hakufa mpweke, mama. Mimi nilizindukia hospitali, lakini wenzangu walinisimulia. Waislamu wa kikosini walisema shahidi haoshwi, anazikwa na damu yake. Wakamwombea dua, wengine wakachimba kaburi, wakamlaza."

Kumbe swali lile la nani alimwosha lilikuwa limemkaa mama kooni muda wote ule. Alishusha pumzi ndefu. Akapiga magoti juu ya mbao, akagonga kwa kiganja, ko, ko, ko. Akasema, "Tupo, Shomari. Mama yako nipo. Nenda, baba." Hapo ndipo machozi yakatoka, na kilio chake kilifika mpaka barabarani.

Mzee Pazi alikuwa wa kwanza kutupa shoka. Akapanda darajani, akagonga, "Tupo." Akafuata Bi Chausiku, huku analia. Akafuata yule jirani na mwanawe. Mtaa mzima ukavuka hivyo, mmoja mmoja.

Sasa nitakwambia na hili, uamini usiamini. Wa mwisho alipovuka tulisikia chini kitu kinasogea kwenye matope, taratibu, kama mtu anayetambaa kwa tumbo. Kikasogea, kikatulia, kikasogea tena, kikaelekea kule kijito kinakotokomea. Hakuna aliyethubutu kuchungulia ila Severini. Aliniita. Nikaona mfuo mmoja mnyoofu kwenye tope, mpana kama kifua cha mtu, hauna alama ya mguu pembeni, na umekwenda upande mmoja tu. Hodi ile hatukuisikia tena.

Daraja la minazi lilishaoza, leo pale kuna la zege. Severini naye ametangulia, Mungu amrehemu. Lakini mie bado nagonga, na sasa umejua ninachojisemesha.

Nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu, ishike. Kila njia unayopita bila kuwaza, kuna mtu alilala kifudifudi kwanza ili wewe upite umesimama. Wengine hawana kaburi unaloweza kuliona. Usiwafanye mazimwi ya kutishia watoto, na usingoje siku ya gwaride ndipo uwakumbuke. Ulizia majina yao. Waombee. Wajulie hali mama zao, na waliorudi na magongo, wangali hai. Kumsahau aliyetangulia ni kumwacha amelala njiani anasubiri jibu.

Mungu akupe miguu ya kheri, akuongoze njia zilizosafishwa, na siku wewe utakapotangulia mbele ya wenzako asikukoseshe wa kukuitikia. Amina.

Na mie siku zangu si nyingi, tusidanganyane. Adhuhuri moja, nikiwa sipo, utakuwa unavuka pale peke yako, utasikia fimbo inagonga chini ya nyayo zako. Usikimbie. Na tafadhali, mwanangu, usiniambie karibu. Jibu unalijua.