Kioo cha Siku ya Posho

Miaka ile ya vita, Bunia nzima ilinunua vitu vya kukimbia navyo. Sufuria nyepesi, blanketi, dumu dogo la maji. Kila nyumba ya mtaa wetu wa Saio ilikuwa na furushi nyuma ya mlango, limefungwa tayari, na sisi wanawake tulijua mafurushi ya wenzetu kama zamani tulivyojua vitenge vyao. Mimi pia nilikuwa na langu. Lakini katikati ya wasiwasi huo nilinunua kioo cha kujitazama, kirefu kuliko mimi, chenye fremu ya mbao nzito. Nilikinunua kwa deni. Sijutii mpaka leo, na anayetaka kunicheka anicheke.

Nilikuwa mchuuzi wa samaki. Njia ya Tchomia ilipofunguka nililetewa samaki waliokaushwa kule ziwani, nikawauza sokoni. Mume wangu alitengeneza baiskeli za watu mbele ya nyumba. Tulikula, watoto walilala wameshiba, lakini hapakuwa na kitu ndani ambacho ungesema kimeingia kwa sababu tu mtu alikipenda. Nami nilikuwa nimeolewa, nimezaa na nimezika, na sijawahi kujiona mzima. Kioo chetu kilikuwa kile kidogo cha duara: ukitazama jicho, mdomo huuoni. Kujua kama kitenge kimekaa vizuri nyuma, nilimwuliza mume wangu, naye alijibu kimekaa vizuri bila kuinua macho kwenye baiskeli.

Kioo kile nilikikuta kwa mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa na duka karibu na soko. Kiliagizwa na mnunuzi wa dhahabu kutoka huko machimboni, ambaye hakurudi kukichukua. Kikabaki kimeegemezwa nyuma ya duka, kimefunikwa gunia. Katika mji ambao mlio wa bunduki ulitikisa mabati, nani alitaka kioo? Mlio ukisikika, mzee alikimbilia gunia lake kwanza, wateja baadaye.

Mzee huyo alisifiwa mji mzima kwa jambo moja: hakula faida juu ya deni. Anayekopa kwake, alisema, analipa bei ileile ya mwenye pesa mkononi. Nilimsifu na mimi, ila mimi ni mtu wa soko. Najua neno tamu linaweza kukaa mdomoni na faida ikakaa kwenye bei. Kwa hiyo nilimtuma wifi yangu, dada wa mume wangu, aende kuuliza kioo ni bei gani kwa mtu anayelipa palepale. Akaniletea jibu. Kesho yake nikaenda mwenyewe, nikasema nataka kulipa polepole, nikatajiwa bei nyingine, iliyopanda.

Sikukasirika. Niliketi kwenye kiti chake cha wageni kama mtu aliyekuja kukaa.

“Muzee,” nikamwambia, “jana semeki yangu aliuliza bei ya hii kioo. Ulimuambia ingine. Ile iliongezeka iko ya nini?”

“Ile iko ya kungoja, mama.”

“Na watu wanasema weye haukulaka faida ya deni. Ile ya kungoja, tuiite namna gani?”

Akavua kofia, akajikuna kichwa, kisha akacheka mpaka mwuza sabuni wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Tulirudi kwenye bei ya wifi yangu. Nikaomba anipunguzie na hiyo, kwa kuwa nilikuwa namtoa kwenye homa ya kulinda kioo wakati wa vita, naye akapunguza kidogo akinung'unika kwamba wanawake wa samaki wana ulimi wenye miiba. Nilipokea hayo kama sifa.

Tulipatana nilipe kila Jumamosi. Kwetu Jumamosi bado inaitwa siku ya posho, tangu wakati wa Wabelgiji, wafanyakazi walipokuwa wakigawiwa chakula siku hiyo. Posho yenyewe haipo tena, jina limebaki. Mzee hakuandika lolote. Alisema tu: “Siku ya posho, mama,” nami nikaitikia: “Siku ya posho.”

Wenzangu sokoni walinisema. Walisema deni ni la dawa na karo ya shule, si la kujitazama. Mimi niliona kinyume, na bado naona. Deni la chakula ndilo linaloniogopesha, kwa sababu umekwisha kula na bado unadaiwa. Kioo kingekuwepo siku ya mwisho ya kulipa, na nikishindwa, kingerudi dukani kizima. Zaidi ya hayo nilijiwekea mpaka: pesa ya kurudi Tchomia kununua samaki haiguswi, kioo kinakula faida tu, na hakuna deni lingine kuingia nyumbani mpaka hili litoke. Wiki ambayo samaki hawakufika, nilikwenda kwa mzee kabla ya siku yenyewe nikamweleza. Sikumsubiri aje kunitafuta.

Na jinsi nilivyojiona! Siku kilipofika nyumbani nilisimama mbele yake, nikajigeuza huku na huku. Nilikuwa mrefu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mimi ni mrefu. Jumapili wanawake wa jirani walipitia kwetu kabla ya ibada, wakijigeuza huku na huku, na nyumba yangu ikajaa harufu ya mafuta na vicheko, wakati nje hakuna aliyejua mchana utaishaje.

Mume wangu hakupinga, ila alipata mzaha wa kunichokoza. Niliporudi kutoka kulipa mara ya kwanza alinisimamisha mbele ya kioo, akapitisha kidole shingoni mwangu.

“Kichwa sasa iko yako,” akasema. “Kuanzia shingo kushuka, bado iko ya muzee.”

Ikawa hivyo. Kadiri nilivyolipa, nilishuka. Nikapata mabega, nikapata kifua, nikapata kiuno, na siku hiyo ya kiuno mume wangu alisema sasa anaweza kulala bila aibu. Nikafika magotini, nikavuka. Miguu tu ndiyo iliyobaki kwa mzee. Malipo ya Jumamosi moja tu.

Ndipo vita vikaingia mjini kabisa. Risasi zilianza alfajiri upande wa Rwambuzi zikasogea. Nilichukua watoto, nikachukua furushi, nikatazama kioo, nikalia. Nasema wazi: nilikililia. Mume wangu alikuwa ameshika mkono wa mtoto, akauachia, akakibeba kioo hadi uani. Choo chetu kilikuwa na kipande cha bati kwa mlango. Alikitoa, akasimamisha kioo mahali pake, uso ndani, mgongo wa mbao chakavu ukatazama nje, akakifunga kwa mpira wa gurudumu la baiskeli. Nilidhani amechanganyikiwa.

“Hakuna mutu anaiba mulango ya choo,” akasema, na tukakimbia.

Tulikaa kambini karibu na uwanja wa ndege, chini ya turubai, na watu wengi sana. Sitayaeleza yote ya pale. Nilikopesha sufuria yangu kwa mama mwenye unga, tukakaanga mandazi pamoja, tukauza na kugawana. Watoto walikula kwanza, na pesa iliyobaki niliifunga kwenye pindo la kitenge. Wifi yangu aliniuliza naweka akiba ya nini mahali kama pale. Nikamwambia: ya miguu yangu.

Mji ulipotulia kidogo tulirudi. Nyumba ilikuwa wazi. Vitanda, mlango, viti, vyombo vya baiskeli, vyote vimekwenda. Nikazunguka uani. Mlango wa choo ulikuwepo. Nikausogeza, nikakutana na mwanamke mwembamba mwenye vumbi, naye ananitazama. Kona moja ya chini ilikuwa na ufa. Basi.

Mzee nilimkuta ameketi kwenye kizingiti cha duka tupu. Hata rafu zilikuwa zimeng'olewa. Alinisalimia, akauliza watoto, na kabla sijafungua mdomo akasema amesikia tumeporwa.

“Usijisumbue, mama,” akasema. “Kioo ilienda na vita, na deni ilienda naye. Nimekusamehe.”

Alisema kwa roho safi, na mimi nilisimama pale. Hakuna aliyekuwa ameona choo changu. Ningeitikia tu asante, kioo kingekuwa changu bila malipo ya mwisho, na watoto wangekula mkate. Lakini miguu yangu ingebaki kwake maisha yote, na mimi ningejua kila nikijitazama.

“Muzee,” nikasema, “kioo iko. Iko ku choo yangu, ndiyo mulango.”

Akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha. Nikafungua pindo la kitenge, nikaweka pesa kiganjani mwake.

“Na leo ndiyo siku ya posho.”

Akafumba mkono ule, akasema, polepole, kwamba katika mali yote aliyokuwa nayo dukani, kilichopona ni kile alichokopesha. Kwa pesa ile alinunua mishumaa na chumvi, akavipanga juu ya gunia pale kizingitini, na duka likaanza tena. Hilo sikulijua siku hiyo, alinieleza baadaye.

Siku hiyo mimi nilirudi nyumbani. Mume wangu alikuwa ameshakiingiza kioo ndani na kukiegemeza kwenye ukuta mtupu. Nilivua kandambili, nikasimama. Sikutazama uso wala kitenge. Nilitazama chini, penye ufa, miguu yangu miwili yenye vumbi la kambini, imepasuka visigino, yangu.