Upinde Kichwani

Harufu ya mafuta ya nyonyo ikinikuta popote, hata kwa msusi wa sokoni Lushoto, hunirudisha Shume, jikoni kwetu, chini ya upinde wa baba. Aliuning'iniza juu ya mafiga, na upote wake, ile kamba ya mshipa wa ng'ombe, aliupaka mafuta hayo usije ukakauka na kukatika. Moshi, mafuta na mshipa vilikuwa harufu moja, harufu ya mahindi kukomaa, maana mahindi yakikomaa nguruwe mwitu walitoka msituni. Sisi Waislamu nguruwe hatumli, ila yeye mahindi yetu aliyala bila kuuliza dini. Wanaume wa kijiji waliwawinda kwa zamu, na mizoga wakaichukua wapasua mbao waliotoka mikoa mingine, tena kwa shukrani nyingi.

Baba alikuwa na maneno mengi kuhusu kubeba upinde kuliko kuhusu kulenga. Kulenga, alisema, ni kufumba na kufumbua, lakini kubeba ni kutwa nzima. Kwenye njia ya wazi aliushika katikati kwa mkono wa kushoto, upote ukitazama chini, ncha moja mbele na nyingine nyuma. Akiingia kichakani aliusimamisha, akaubana ubavuni usinaswe na matawi. Akipanda mlima aliuvaa begani, upote ukikatiza kifua, ili mikono ipate kushika mizizi. Aliyeutumia upinde kama mkongojo alimcheka mpaka machozi. Kaka zangu walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo masomo yote hayo yaliniangukia mimi, binti wa darasa la tatu. Kila jambo alinieleza na sababu yake, isipokuwa moja: upinde hauwekwi kichwani. Nilipouliza kwa nini, alijibu, "Hauwekwi, basi." Nikaamini ni majivuno ya wanaume tu, maana kichwani ndiko sisi tulikobeba kuni, maji, kabichi na kila kitu.

Asubuhi moja nilitumwa na sufuria ya uji kwa wawindaji, ng'ambo ya bonde. Niliwakuta wanajiandaa kumfuata dume waliyemjeruhi. Upinde wa baba ulikuwa umepata ufa, naye akaamua kwenda na mkuki. "Rudi nao nyumbani," aliniambia. "Ushike mkononi mpaka mlangoni." Nilivumilia hadi kwenye mteremko. Njia ilikuwa na utelezi, sufuria mkono huu, upinde mkono ule, na hakuna wa kushikia majani. Nikaikunja kanga yangu nikafanya ngata, nikaulaza upinde kichwani, nikauachia. Ulitulia vizuri mno. Nikajiona hodari, nikatembea polepole, shingo imenyooka kama bibi harusi. Ukungu ulikuwa umeinuka, na kwetu milimani mtu wa ng'ambo utamwona kabla sauti yake haijakufikia.

Sikujua kwamba kijijini petu mwindaji akifia msituni, upinde wake hutangulia nyumbani. Hulazwa kichwani kwa mtu mmoja, naye hutembea taratibu, peke yake, ili wanaomwona toka ng'ambo waanze kutandika mikeka kabla maiti haijafika. Watoto hatukuambiwa jambo hilo, kwa kuogopa tusije tukaliigiza katika michezo yetu na kuuita msiba.

Mama alikuwa anapalilia maharage upande wa pili. Nilimwona akitupa jembe na kuanza kukimbia kuteremka. Nami, masikini, nikadhani amefurahi kuniona. Nikauinua ule mkono wangu mtupu, aone jinsi upinde unavyokaa bila kushikwa. Hakuzunguka kufuata njia, aliruka matuta, na kwenye tuta la mwisho juu ya kijito akaanguka. Nilipomfikia, mguu wake ulikuwa umepinda pasipo na kiungo, na huko juu wanawake walishaanza kulia. Baba alirudi adhuhuri, mzima, akakuta waombolezaji uani kwake na mkewe amelazwa kwenye machela ya miti, wanampeleka hospitali. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, guu likavunjika la mama, na halijaunga sawa mpaka leo. Hakuna aliyenichapa. Baba alisema kosa ni lake, angenieleza. Mama aliniuliza kama nimekula. Ningepewa viboko ningeshukuru.

Siku hizi ukionekana msituni na upinde utaulizwa maswali, na habari za kifo hazisubiri ukungu uinuke. Baba alifariki kitandani kwake, na mimi nilipata habari kwa simu hapa Lushoto, nikiwa kwenye cherehani, mguu wa mteja wangu ukigonga sakafu kwa haraka zake. Lakini nikienda kwetu, ile njia ya bondeni ni ileile. Mzigo naukumbatia kifuani hata uwe mzito vipi, na majirani hunicheka kwamba mjini nimesahau kutwika.

Safari iliyopita mama alikuja kunilaki mteremkoni, anachechemea, akaniuliza kwa nini najitesa mikono. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mama, tangu siku ile siwezi. Nilikukimbiza kwa mume ambaye hakufa."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo geni kabisa. "Nani kakwambia nilimkimbilia baba yako? Aliyekufa hakimbiliwi, mwanangu. Niliona mtoto mdogo vile, kabebeshwa msiba, yuko peke yake njiani. Nikasema niwahi nikupokee."

Kisha akalichukua furushi mikononi mwangu, akajitwika kichwani, akageuka kupanda kilima kwa mguu wake ule. Nikamfuata nyuma, mikono mitupu.