Mgao wa Waifai Kwenye Ploti Yetu

Nimechoka na waifai, ingawa mimi ndiye niliyeileta. Ploti yetu hapa Kitengela ina nyumba sita, na tulipokubaliana kutumia laini moja, ruta iliwekwa kwangu kwa sababu mimi ni mwalimu mstaafu na sitoki sana. Tangu siku hiyo mlango wangu haujapumzika. Huyu sinema yake imeganda, yule anadai jirani anamaliza mtandao wote. Mwishowe nilimwita fundi, akanionyesha namna ya kuwekea kila simu na kila televisheni kipimo chake. Nikagawa sawasawa, kama nilivyokuwa nikigawa chaki darasani, nikadhani sasa nitapumua.

Wikendi haijaisha, akaja mama wa nyumba ya tatu, mzaliwa wa Mashuuru, Umasaini. Binti yake anafanya kazi za nyumbani Uarabuni, na waajiri humpa simu Ijumaa saa kumi jioni tu, kwa muda wa saa moja. Kwa kipimo changu kipya picha ya video ilikataa kutoka, alipata sauti tu. Aliniomba nimwongezee kipimo kwa saa hiyo moja tu. Akanieleza kwamba kwao, kwenye kisima cha mifugo, hawapangi zamu kwa usawa: aliyetoka mbali akiwa na ndama hunywesha kwanza, anayeishi karibu na maji husubiri.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia nikimwongezea yeye, kesho wote watajipanga mlangoni kwangu. Ukweli ni kwamba sikuwa na nguvu za kuelewana na mtu mwingine tena. Hakubishana. Alisema, "Haya, mwalimu," akaenda zake, na Ijumaa nne zilizofuata nilimsikia uani akipaza sauti kumuuliza binti yake kama anasikika.

Ijumaa ya tano, asubuhi, fundi alikuja kubadilisha waya uliotafunwa na panya. Akaangalia orodha ya vipimo, akaniuliza ni ya nani ile televisheni isiyo na kipimo, inayokula hata mgao wa wengine. Ilikuwa yangu. Nilikuwa nimepima vyombo vya watu wote nikajisahau mwenyewe. Miaka yote ya kugawa chaki sikuwahi kujihesabu, maana mwalimu ndiye hushika boksi. Na televisheni yenyewe nilikuwa naiwasha tangu asubuhi kwenye mahubiri ya mtandaoni, kwa sababu naishi peke yangu na nyumba ikinyamaza naumwa na moyo. Niliona aibu sana.

Niliizima. Saa kumi ilipokaribia nilimwita yule mama aje akae sebuleni kwangu, karibu na ruta. Picha ilitoka safi kabisa. Waliongea Kimaasai, nami sikufuata chochote, ila binti alikuwa akicheka. Mama hakucheka. Alileta simu karibu na uso, akatazama, kisha akaisogeza karibu zaidi.

Saa ilipokwisha alibaki amekaa na simu mapajani. Nikamuuliza kama binti hajambo.

"Amekonda, mwalimu. Hata mashavu hana. Na mimi nilikuwa nasikia tu sauti, nasema ako sawa."

Nilimwambia pole, na nilijua haitoshi. Ijumaa zile zote televisheni yangu ilikuwa ikihubiri sebuleni, na mimi niko nje naanua nguo, hata siitazami.