Madafu Niliyomwagia Mgomba

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, nyumbani kwa mume wangu Kisarawe. Nikataka kuinuka kwenye mkeka, miguu ikakataa. Haikuuma. Ilikataa tu.

Sikupata shida kumtafuta mchawi. Nilikuwa naye tayari: mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa. Kila asubuhi aliniletea madafu kwenye kikombe kilichofunikwa na kisahani. Kwa nini asilipasue dafu mbele yangu? Na mbona alianza kuniuliza habari za miguu kabla sijamwambia mtu kwamba inalegea? Mimi nimezaliwa Soga, siyo mjinga. Nilimshukuru, na akigeuka tu namwagia mgomba. Kisha naingia ndani kutafuna udongo wangu mweupe wa sokoni, ule tunaokula wenye mimba. Bakuli zima kwa siku! Niliuamini kwa sababu niliununua mwenyewe.

Siku hiyo nilimpigia kelele majirani wakisikia: "Mama, umeniroga! Unataka kuniua mimi na mwanangu!" Alimwita mume wangu, wakanibeba hadi hospitali.

Daktari alipima damu, akaniuliza nakula nini. Nilipotaja udongo akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba ubongo hutuma ujumbe kupitia mishipa ya fahamu, na ujumbe huo husafiri kwa sababu kuna chumvichumvi zinazoingia na kutoka kwenye seli. Mojawapo ni potasiamu. Ikipungua sana, seli hazisisimki. Amri inatoka kichwani, mguu haupokei. Udongo ndio ulioinasa tumboni, ukaniibia potasiamu yangu.

"Na moyo nao ni msuli, dada," akasema. "Ungechelewa, tungewapoteza wote wawili." Akanitundikia dripu. "Ukirudi nyumbani kula ndizi, kunywa madafu, vina potasiamu tele. Kwani Kisarawe madafu hakuna?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni ya kitanda.

"Nilikuwa naona unavyomwaga," akasema. "Nikawa naleta tu, huenda siku moja ukanywa. Ulikuwa unaburuza ndala, mkwe wangu, nani asingeona?"

Miguu ikapata nguvu, na mtoto alizaliwa salama. Nilimwomba mama msamaha, akanipa. Lakini hadi anafariki hakuniletea tena kitu cha kunywa kwa mkono wake. Nilimsikia akimwambia mume wangu: "Mpelekee wewe, asije akaogopa." Iliniuma, na inaniuma hadi leo.

Mimi bado ni mtu wa kushuku, sikufichi. Basi ukishuku, mwanangu, anza na kile unachokitia mdomoni mwenyewe. Mwili ukilegea wahi hospitali, utaje kila unachokula hata kama unaona aibu. Na usimwite mtu mchawi, maana atakusamehe na bado hatasahau. Mungu akuhifadhi wewe na uzao wako, akuoneshe anayekupenda angali hai.