Niliukwangua Uso wa Babu kwa Wembe

Admin, jina langu usiliweke, na hata mtaa usiutaje, maana Masasi tunajuana. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka arobaini na sita, kazi yangu ni kushona nguo za watu. Visa vya wenzangu humu nasoma kila siku na nakiri wengine nimewasema vibaya kwenye komenti. Leo zamu yangu, nisemeni tu.

Babu mzaa mama hakuwa mtu wa Newala. Alivuka Ruvuma peke yake akiwa kijana, akitokea Msumbiji, akafika Mkunya, kijiji cha huko Newala, akaomba ardhi, akalima mihogo na mikorosho, akamuoa bibi yangu. Babu akafariki mama akiwa na miaka mitatu hivi. Hakuacha ndugu wala habari, na jina lake lilikuwa la kawaida, wanaoitwa hivyo wamejaa. Kilichobaki ni picha moja ndogo kama kiberiti, aliyopigwa zamani alipofanya vibarua kwenye mkonge. Uso wake ulijaa nembo, zile chale za Wamakonde wa zamani, kuanzia paji la uso mpaka kidevuni.

Mama amekua akiitwa mtoto wa mgeni. Ugomvi wa maji, mgeni. Mgao wa shamba, mgeni. Kwa upande wa mama yake ana ukoo wake kamili, lakini watu wakitaka kumuumiza walijua pa kugusa. Picha ile aliitundika sebuleni na kila aliyeingia alionyeshwa: "Huyo ndiye baba yangu."

Nilikuwa kidato cha pili. Wenzangu wa shule wakaja kunitembelea, mmoja akaisogelea picha akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe nyie Wamawia!" Kwa msiojua, hilo ni jina la kuwadharau Wamakonde wa ng'ambo. Wiki nzima shuleni nikaitwa Mmawia, wananichorea mistari kwenye daftari. Jumamosi mama alipokwenda shamba nikaitoa picha kwenye fremu, nikachukua wembe, nikaanza kuzikwangua nembo. Nilidhani nitaondoa mistari tu, uso ubaki. Mjinga mimi. Kila nilipokwangua palikuwa peupe, nikazidi kukwangua ili nipasawazishe, mpaka babu akabaki shati na masikio. Nikaimwagia maji. Mama aliporudi nikamwambia paa limevuja. Alilia, halafu akanishukuru mimi kwa kuwahi kuitoa ukutani.

Mwaka jana mama akaanza kuugua. Hospitali wametuambia turudi naye nyumbani tumtunze, na mtu mzima akiambiwa hivyo anaelewa. Ameomba kitu kimoja: "Nitafutie watu wa baba yangu. Hata mmoja tu aje aniite mwanetu, nife nimelisikia." Nikazunguka. Mkunya waliomfahamu babu wamekwisha wote. Nikaelekezwa Kitangari, kwa mzee aliyevuka na wazazi wake akiwa mtoto. Baba yake alikuwa fundi wa kuchanja nembo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nani kakutuma?"

Nikamweleza. Akasema habari hiyo anaijua, tena anaijua mara mbili. Kuna koo mbili ng'ambo, zinakaa mbalimbali, na kila moja ilipotelewa na kijana mwenye jina lile aliyekuja huku kulima. "Lakini hilo lisikutie hofu. Kila fundi alikuwa na mkono wake. Nionyeshe uso, nikuambie mtoto wa wapi."

Nikampa picha, nikasema ilinyeshewa paa lilipovuja. Akaigeuzageuza, akapitisha kidole gumba juu yake taratibu.

"Hii si mvua, mjukuu wangu. Hii kakwangua mtu, tena kwa wembe. Nani kafanya?"

Nikanyoosha mkono niipokee. Akanirudishia bila kuuliza tena, akasema nikamuulize mama nembo zilikaaje. Nimemuuliza. Anachora kwa kidole kwenye shavu lake mwenyewe, leo hivi, kesho vile, kisha ananiuliza kama amepatia.

Koo zote mbili nimezungumza nazo kwa simu. Bibi wa ukoo mmoja alilia, "Mleteni mtoto wetu," nami sijui kama ni wake. Wale wengine nao wanamsubiri mtu wao. Kuwaita wote haiwezekani, mzee amekataa, kumpokea mtu ni tambiko, na mtu hatambikiwi na koo mbili. Najua mtaniambia vipimo vya vinasaba. Majibu yake yatatukuta matangani. Mume wangu anasema, "Mke wangu, chagua ukoo mmoja, mama atajuaje?" Atajuaje kweli. Lakini basi atakufa mikononi mwa watu ambao huenda si wake, na walio wake wapo, wazima, wanamuulizia. Na nikimwambia ukweli, namnyang'anya baba kwa mara ya pili, na binti pia. Nimeshika simu mara ngapi niwapigie wa ukoo mmoja nimalize, nashindwa. Najichukia, ndugu zangu, sijui nitumie neno gani lingine.

Jana nikimlisha uji akaniuliza, "Yule mzee kasemaje?"

Nikamwambia bado anaitazama picha.

Akatabasamu, akasema, "Ana moyo huyo. Mimi naitazama kila siku tangu ilipoharibika, na bado simuoni."

Nitukaneni mkimaliza kusoma, nimestahili. Lakini kwanza mwenye la kuniambia aniambie: mama yangu hana siku nyingi, nimpe ukoo wa kubahatisha, nimpe ukweli, au nikae kimya mpaka afumbe macho?