Shahidi wa Usingizi wa Baba

Nilitoka Riyadh kwenda Jeddah kumtafuta mtu aliyewahi kulala hema moja na baba yangu. Baba alistaafu jeshini akiwa na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Aliomba fidia ya ulemavu, wakamkatalia kwa kuwa hakuna aliyethibitisha kwamba ugonjwa ulimwanza akiwa kazini. Rufaa ilihitaji shahidi. Shahidi mwenyewe, Anko Wafula, sasa ni dereva wa familia moja mtaa wa Al-Safa mjini Jeddah, na madam ninayemfanyia kazi za nyumbani alikuwa anaenda huko kumtembelea dada yake. Nilimwomba nafasi ya kumwona anko. Akakubali, mradi tusitoke machoni pake.

Barabarani nilikaa nyuma na watoto nikirekebisha ushahidi kwenye simu. Nilikuwa nimeshauandika mwenyewe kwa maneno ya kitabibu niliyojifunza mtandaoni. Sipendi kasoro, nakiri, na hofu hunizidi. Kuanzia Riyadh hadi Taif nilibadilisha sentensi ya kwanza tu.

Jeddah, siku ya pili, niliuchapisha kwenye duka moja mtaa wa Sharafiya. Mikahawani hatungeweza kukaa meza moja, mimi na mwanamume asiye ndugu, kwa hiyo madam aliamuru gari liegeshwe kando ya barabara. Anko akasimama nje ya dirisha, mikono nyuma, kama yuko kwenye gwaride.

“Wewe ndiye binti wa Koplo? Paji la uso ni lake kabisa!”

Nikampa karatasi. Akasoma, akacheka.

“Mama, nani ameandika haya? Wakiniuliza maana yake nitawatolea macho tu.”

Nikatoa kalamu. “Sasa anko, wewe ungesemaje?”

“Andika. Koplo akikoroma, sisi tulilala. Akinyamaza, tuliamka. Tulikuwa na zamu ya kukipiga kitanda chake teke ili avute pumzi. Ukisinzia kwenye zamu, kesho unafua soksi za hema zima.”

“Halas, mmemaliza?” madam akauliza.

“Bado, madam.”

Nikamweleza habari za mkoromo kwa Kiarabu changu cha jikoni. Akacheka mpaka akashika mtandio. “Hata mume wangu!” akasema, na hakuniharakisha tena.

Niliandika maneno ya anko kama alivyoyasema, nikijizuia kuyanyoosha. Akasaini, akaongeza namba yake ya jeshi.

“Mwambie Koplo soksi zake ndizo zilizonuka kuliko zote.”

Tuliporudi Riyadh, nilimkabidhi karatasi dada mmoja aliyekuwa anarudi Kenya, ampelekee baba. Kisha nikaanza kusubiri, simu mfukoni hata nikipiga pasi, nikiwapigia nyumbani kila alfajiri, nikijilaumu kwa kutoyapamba yale maneno.

Baba alipiga mwenyewe. “Wamekubali, mwanangu. Mashine ya pumzi nimeshapata.” Nikakaa sakafuni. Nilijifunza siku hiyo kwamba aliyeshuhudia jambo huaminiwa kwa maneno yake mwenyewe, si kwa yangu.

Mama akachukua simu. “Na usitupigie tena alfajiri,” akasema. “Siku hizi tunalala.”